Uchungu uliokatika mlangoni mwa leba

Saa nane usiku bajaji ilitushusha mbele ya lango la hospitali: mimi, mama yangu, beseni lenye doti tatu za khanga, glovu, pamba na nyembe, na chupa ya chai. Nyumbani nilikuwa nashikilia mwimo wa mlango kila baada ya dakika nne. Mama alihesabu kwa saa ya ukutani, akanisugua kiuno kwa mafuta ya nazi, akaniambia mtoto atakuja kabla ya adhana ya alfajiri.

Mlangoni mwa leba mkono ulinyooshwa katikati yetu. Mwenye tumbo apite, msindikizaji asubiri nje. Mama akabaki kwenye benchi la zege na beseni lake, mimi nikaonyeshwa kitanda cha tatu. Taa ilikuwa nyeupe na kali. Pazia halikuwepo. Kushoto kwangu mwanamke alikuwa akilia, na kulia mwingine alikuwa kimya kwa namna iliyonitisha kuliko kilio. Vitanda saba, nesi mmoja.

Basi uchungu ukakata. Haukupungua kidogo kidogo, ulikata kama umeme wa luku. Nusu saa nzima nililala nikisikiliza tumbo langu kama mtu anayesikiliza nyumba iliyohamwa. Nesi alinipima, akasema njia imefunguka sentimita nne, na kwamba nimewahi kuja. Kesho yake mchana niliwekewa dripu ya uchungu. Mtoto alizaliwa jioni, mzima.

Miaka kumi na miwili imepita. Kila ninaposimulia usiku ule mbele ya wanawake wenzangu, hadithi haifiki mwisho kabla mmoja wao hajanikatiza: hata yeye, uchungu ulikuwa mkali nyumbani, ukapoa alipovuka mlango. Mhariri aliponituma kufuatilia kwa nini wodi nyingi za wazazi bado zinamwacha msindikizaji benchini, nilianza na swali langu la zamani. Uchungu wangu ulikwenda wapi?

Msuli usiopokea amri

Tumezoea kukiita kizazi mfuko, na jina hilo linatupoteza kidogo. Kizazi ni msuli. Mwanamke asipokuwa na mimba kina uzito wa gramu 60 hadi 70 hivi. Mimba ikifika ukingoni kinakaribia kilo moja, bila kumhesabu mtoto wala maji. Ni msuli laini, wa jamii moja na ule wa utumbo na wa kuta za mishipa ya damu. Mkono utauambia uinuke nao utainuka. Kizazi hakiambiwi.

Ndiyo maana mwanamke aliyepooza miguu kwa kuumia uti wa mgongo bado hupata uchungu na hujifungua. Huenda asiyahisi maumivu, lakini msuli unajikaza na kuachia wenyewe, seli moja ikiishtua jirani yake, mpaka wimbi limezunguka kizazi chote.

Kuna jambo ambalo nililisoma mara mbili kabla ya kuliamini. Mimba inapokaribia kutimia, sehemu kubwa ya nyuzi za neva zilizotanda ndani ya msuli wa kizazi hunywea na kutoweka. Ni kana kwamba mwili unaikata simu ya waya ili mtu asipige wakati mtoto analelewa. Lakini ujumbe wa neva hausafiri kwa waya pekee. Tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini moja kwa moja kwenye damu, na damu inafika kila mahali.

Juu ya kila seli ya msuli ule kuna vipokezi, mfano wa vitasa, na kila mjumbe ana ufunguo wake. Oksitosini, inayotoka kwenye ubongo kupitia tezi ya pituitari, ikishika kitasa chake, kalsiamu hufunguliwa kutoka kwenye maghala ya ndani ya seli na nyingine huingia kutoka nje. Kalsiamu ndiyo inayozifanya nyuzi za msuli zivutane. Asetilikolini, mjumbe wa neva zinazotokea sehemu ya chini ya uti wa mgongo, nayo hukaza. Noradrenalini, ikishika kitasa kinachoitwa alfa, hukaza pia.

Adrenalini ndiyo iliyonishangaza. Kwa mama mjamzito hupendelea kitasa kingine, beta-2, ambacho homoni za mimba hukipa nguvu zaidi. Kitasa hicho kikifunguka, kazi inageuka: kalsiamu hurudishwa ghalani na msuli hulegea.

Ushahidi wake umo kwenye mikoba ya watu wengi. Pampu ya pumu ya salbutamol ina dawa iliyotengenezwa kwa kuiga adrenalini, nayo huzilegeza njia za hewa kwa kupitia kitasa hichohicho cha beta-2. Madaktari walipolitambua hilo, walizitumia dawa za ukoo huo kutuliza uchungu unaoanza kabla ya wakati. Mojawapo, ritodrini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1980 kwa kazi hiyo hasa.

> Maabara zilitengeneza dawa ya kulegeza kizazi kwa kuiga kile ambacho mwili wenye hofu hukitoa wenyewe.

Elimu hii si changa. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale, akichunguza paka, aliona kwamba adrenalini iliyolegeza kizazi cha paka asiye na mimba ilikikaza cha paka mwenye mimba. Kwa wanadamu mambo hayaendi kama kwa paka, lakini somo kubwa lilibaki: mjumbe ni yuleyule, na jibu hutegemea hali ambayo kizazi kinakuwa nayo anapobisha hodi. Katika kazi ya mwaka huohuo Dale aligundua kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya pituitari hukaza kizazi. Kutokana na ugunduzi huo tuliipata oksitosini, ambayo jina lake, kwa Kigiriki, lina maana ya kuzaa upesi.

Panya waliobughudhiwa, wanawake waliopimwa

Mwaka 1966 mtafiti Niles Newton na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio la panya waliokuwa wakizaa. Waliobughudhiwa walichelewa kuliko walioachwa watulie. Mfugaji wa mbuzi hatashangaa; anajua kwa nini jike linalotaka kuzaa hujitenga, na kwa nini watoto wa nyumbani hukatazwa kulifuata.

Binadamu si panya. Ila mwaka 1978, Regina Lederman na wenzake walipima damu za wanawake wa mimba ya kwanza wakiwa katika uchungu, wakawauliza pia juu ya wasiwasi wao. Waliokuwa na wasiwasi mwingi walikuwa na adrenalini nyingi, na wenye adrenalini nyingi vizazi vyao vilijikaza kwa nguvu ndogo, na uchungu wao ulirefuka.

Nimebishana na utafiti huu moyoni, kwa sababu ulikuwa unaniambia nilichotaka kusikia. Je, hofu ndiyo iliyorefusha uchungu, au uchungu mrefu ndio uliozaa hofu? Damu iliyopimwa haitoi jibu kamili. Jibu linahitaji kuwagawa wanawake kwa kura, hawa wawe na mtu pembeni na wale wasiwe naye, kisha saa zihesabiwe.

Kazi hiyo ilifanyika Guatemala na kuchapishwa mwaka 1980. Msindikizaji hakuwa daktari wala ndugu. Alikuwa mwanamke ambaye mzazi hakumfahamu kabla, kazi yake kukaa, kusugua mgongo, kushika mkono na kuzungumza. Kwa wanawake waliojifungua bila matatizo, walioandamana naye walichukua wastani wa saa 8.8, na walioachwa peke yao saa 19.3.

Kundi lilikuwa dogo, na tofauti kubwa kiasi hicho haikuja kuonekana tena tafiti zilipokuwa nyingi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyokusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000, yalikuta uchungu unafupika kwa wastani wa dakika 40 hivi. Waliozaa kwa njia ya kawaida waliongezeka, waliopasuliwa walipungua, na wachache zaidi walitoka na kumbukumbu mbaya. Mimi naziamini zaidi hizi dakika 40 kuliko zile saa kumi za Guatemala. Ni za kiasi, na zimetoka kwa watu wengi.

Upande wa wakunga

Wakunga niliozungumza nao kwa ajili ya makala haya hawakupinga hata neno moja la hayo. Walinirudisha kwenye ile wodi ya vitanda saba.

Weka msindikizaji mmoja kwa kila kitanda, walisema, na chumba kina watu kumi na wanne kabla hujamhesabu nesi. Vitanda vimekaribiana kiasi kwamba shangazi wa huyu anamwona yule akiwa mtupu. Mwanamume akiingia kumshika mkewe, wake wa wenzake wajifunike kwa nini? Ndugu wengine hugombana na nesi juu ya kila sindano, au hupiga simu nyumbani kutangaza kila sentimita. Usiku mtoto wa kitanda cha tano akitoka bila kulia, mkunga mwenye mikono miwili hataki kuruka miguu ya watu ili aufikie mfuko wa kumpulizia hewa.

Ni hoja za watu wanaofanya kazi, na mtu asiyewahi kulala zamu ya usiku asizipuuze. Ila nilizipanga upya nilipofika nyumbani, nikaona karibu zote zinaomba kitu kimoja: pazia na nafasi. Hakuna iliyosema mama anafaidika akiwa peke yake.

Hoja moja tu ilisimama mbali na nyingine, nayo ni ile inayohusu chupa ya chai.

Kilichomo ndani ya chupa

Kila mkunga ana kisa chake. Mama amelala, uchungu wa wastani, mkwe anaingia na kikombe. Baada ya muda mfupi tumbo limekaza kama ngoma na haliachii. Mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka.

Miti shamba ya uchungu si mambo ya kufikirika, na hadithi iliyo wazi kuliko zote ninazozijua inatoka Kongo. Katika miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, akiwa huko na kikosi cha Msalaba Mwekundu, aliona wanawake wa Kilulua, katika eneo la Kasai, wakinywa chai ya mmea unaoitwa kalata-kalata ili kuharakisha kuzaa. Aliuchukua mmea akaupeleka maabara. Humo alikuta serotonini, ambayo ni mjumbe wa neva kamili, nayo hukaza msuli wa kizazi. Alikuta pia kipande cha protini kilichopewa jina la kalata B1.

Kalata B1 iliwasumbua wataalamu kwa miaka. Protini ya kawaida ikichemshwa huharibika, hii ilitoka sufuriani ikiwa nzima. Umbo lake lilifumbuliwa mwaka 1995: vipande 29 vya asidi-amino vilivyoungana mduara, bila mwanzo wala mwisho, na kufungwa kwa vifundo vitatu katikati. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba protini za ukoo huo zinaweza kushika kitasa cha oksitosini chenyewe.

Bibi wa Kasai, basi, alikuwa na dawa. Alichokosa ni kipimo. Kizazi kinapojikaza, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma hubanwa, na mtoto husubiri msuli uachie ndipo apate hewa. Kisipoachia, hapati. Kama mama ana kovu la upasuaji, kizazi chaweza kupasuka. Na kama juu ya kikombe hicho nesi asiyejua chochote ameongeza dripu, kitasa kimoja kinafunguliwa na mikono miwili isiyoonana.

Hasira ya wakunga hapa nimeielewa kabisa. Lakini kuufunga mlango hakukizuii kikombe. Chai nyingi za namna hii hunywewa nyumbani, kabla ya bajaji kuitwa, na sababu ambayo wanawake walinitajia ni kwamba wanataka wafike hospitali wakiwa karibu kuzaa, wasilale humo saa nyingi peke yao. Msindikizaji aliyekaribishwa ndani, akaelezwa, akaulizwa kwa upole mgonjwa amekunywa nini, ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia nesi ukweli huo.

> Kikombe hunywewa nyumbani. Anayejua kilichokuwemo ndiye aliyeachwa benchini.

Dripu na deni lake

Oksitosini ya maabara ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1953 na Vincent du Vigneaud wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1955. Ni dawa iliyookoa watu wengi mno, na sitaki mtu asome makala haya kisha aikatae dripu anayoihitaji. Mimi mwenyewe niliihitaji.

Ila dripu ina deni lake. Vitasa vya oksitosini vikigongwa kwa saa nyingi mfululizo huchoka, vingine hujificha ndani ya seli, na kizazi hupunguza kuitika. Hatari ya uchovu huo huja mtoto akishatoka. Kizazi cha mimba iliyotimia hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kondo likibanduka, mishipa hubaki wazi, na kinachoifunga ni msuli uleule: nyuzi zake zimepishana, nazo zikijikaza hukaba kila mshipa unaopita kati yake. Kizazi kilichochoka hakikabi. Damu humwagika.

Duniani, kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua huua wanawake karibu 70,000 kila mwaka. Tanzania imepiga hatua ya kujivunia: takwimu za kitaifa zilionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na 104 katika utafiti wa mwaka 2022. Wakunga walewale wa vitanda saba ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, mara nyingine wakilinda friji, kwa kuwa oksitosini inataka kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 na umeme haupo kila siku.

Ninachosema ni hiki. Uchungu wangu ulikuwa unakwenda wenyewe. Tulipoutenganisha na mtu aliyekuwa akinituliza, tuliupa adrenalini. Ulipolegea, tukaulipia kwa dripu, na dripu ikakopa kwenye nguvu ambazo kizazi kingezihitaji baada ya mtoto. Sina kipimo cha damu ya usiku ule, hivyo siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwangu. Lakini njia hiyo ipo katika mwili wa kila mwanamke, na utaratibu wa mlangoni unaipitia kila usiku.

Mstari mmoja kwenye fomu

Patografu, ile karatasi ambayo mkunga huchora maendeleo ya uchungu, ina asili ya kusini mwa Afrika. Mistari yake ya tahadhari na ya kuchukua hatua iliwekwa na Philpott na Castle mwaka 1972, wakifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Katika karatasi tuliyoizoea mna mahali pa kuandika mapigo ya moyo wa mtoto, sentimita za njia na matone ya oksitosini. Mahali pa kuandika kama mama yuko na mtu hapakuwepo.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mwanamke awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe, tangu uchungu mpaka mtoto azaliwe. Mwaka 2020 likatoa fomu mpya ya kufuatilia uchungu. Sehemu ya juu, kabla ya mapigo ya moyo wa mtoto, kuna mstari wa msindikizaji, nao hujazwa tena na tena kadiri saa zinavyokwenda: ndiyo, hapana, au mama mwenyewe hataki. Kwa macho yangu huo ni mstari mkubwa kuliko unavyoonekana. Unamhesabu mtu wa pembeni kama unavyohesabu dawa.

Na si jambo la nchi za mbali. Kati ya mwaka 2016 na 2018, vituo 9 vya serikali mkoani Kigoma vilijaribu kuwaruhusu wasindikizaji katika leba, wodi zikiwa zilezile na watumishi walewale wa serikali. Hakuna aliyejenga hospitali mpya kwanza.

Mtoto wangu wa pili nilimzaa katika kituo kidogo ambacho mganga wake alikuwa amenunua mapazia. Walimruhusu shangazi. Hakukuwa na kiti, akageuza ndoo akaikalia, akanisugua kiuno kwa khanga iliyoloweshwa maji ya moto, akinieleza habari ndefu ya shamba la mihogo ambayo mpaka leo sijui iliishaje. Uchungu haukukata.

Wiki iliyopita nilipita usiku kwenye ile hospitali ya kwanza. Benchi bado lipo, limepakwa rangi. Nilihesabu wanawake tisa, kila mmoja na beseni na chupa ya chai. Kilio cha mtoto mchanga kilisikika kutoka ndani, na wote tisa wakainua vichwa kwa pamoja, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua ni wa nani.